Siku Nilipomtafuta Mama Mkwe Ndani ya Kasoko

Mimi ni mwoga. Wacha niliseme hilo mapema, nisije nikaonekana shujaa huko mbele. Naogopa lifti, naogopa mbwa, na tangu nihamie Minnesota naogopa barafu ya ziwani, ile ambayo wenyeji huegesha magari juu yake wakivua samaki kana kwamba wako uwanja wa kanisa. Mke wangu hunicheka. Huniambia nijikaze kisabuni. Kwa hiyo aliponionyesha kwenye simu picha ya kijiji kilichojengwa ndani ya kasoko, yaani chini kabisa kwenye shimo la mlima uliowahi kutapika moto, na maziwa mawili kando yake, nilimrudishia simu yake nikaendelea kukunja nguo za mtoto.

"Kwani watu wanaishi humo?" nilimuuliza baadaye.

"Wanaishi. Wanafuga ng'ombe."

"Na mlima ukiamka?"

"Umelala tangu kabla ya ukoo wenu. Utakungoja wewe ndio uamke?"

Picha alikuwa amepewa na muuguzi mwenzake wa hospitali ya Minneapolis, mwanamke ambaye wazazi wake walizaliwa kwenye kisiwa hicho cha Wareno, katikati ya bahari ya Atlantiki. Mke wangu alikuwa amejifungua Januari na likizo ilikuwa inaelekea ukingoni. Mama yake alikuwa amekuja kutoka Bungoma kumsaidia na mtoto, na tangu afike hakuwa ameona kitu ila theluji, maduka ya Maple Grove na dari ya nyumba yetu. Ng'ombe alikuwa amewakosa kuliko alivyowakosa watu. Ikaamuliwa twende wote, mtoto wa miezi mitatu akiwa kifuani. Mimi sikuamua chochote. Nilibeba mizigo.

Ni lazima nieleze jinsi tulivyokuwa tunaishi na mama mkwe, maana bila hilo mengine hayaeleweki. Kwetu, mwanamume na mama wa mke wake huheshimiana kwa mbali. Hawashikani mikono. Hawali meza moja. Yeye haoni kitanda changu wala mimi sioni chake, na hafai kulala chini ya paa la binti yake aliyeolewa. Sasa, hayo ukiwa Bungoma ni rahisi, kuna boma kubwa na kuna nyumba za jirani. Ukiwa Maple Grove wakati wa theluji utamlaza wapi? Kina mama wa kanisa letu walikaa wakalijadili jambo hilo mchana mzima kwa chai na mandazi. Wakaona kwamba kile chumba cha chini, tunachokiita besimenti, kwa kuwa kina mlango wake wa nje na jiko lake, kihesabiwe nyumba nyingine. Akakaa huko. Nikirudi kutoka kazini nilikuwa nakohoa mlangoni ili apate nafasi ya kuondoka sebuleni. Garini alikaa nyuma yangu kabisa, na mimi niligeuza kile kioo cha juu tusije tukaonana macho.

Hata kuongea, alikuwa anaongea na mimi kupitia kwa mtoto. "Wewe, mwambie baba yako chumvi ilikuwa imezidi." Na mimi nilimjibu mtoto. "Mwambie nyanya yako nimesikia." Mtoto alikuwa anatutazama tu.

Na kazi yangu ni ipi? Nafanya shifti katika nyumba ya wazee mjini Minneapolis. Nawaosha, nawageuza, nawavisha, nawainua kutoka kitandani hadi kitini. Mama za watu wengine nawashika kiunoni kuanzia asubuhi hadi jioni, wananiegemea shingoni, na hakuna aibu, ni kazi. Huyu mmoja wa kwangu sikuwahi hata kumpa kikombe mkononi. Nilikuwa nakiweka mezani, naondoka, ndipo anakichukua. Wazungu kazini niliowasimulia waliona ni jambo la kusikitisha. Mimi sikuliona hivyo. Nilimheshimu yule mama na kumpenda, na hiyo ndiyo njia niliyokuwa nayo.

Tuliruka hadi Boston, kisha tukakesha angani juu ya bahari. Asubuhi tulikodi gari, tukapanda mlima kwa barabara nyembamba yenye nyasi za kijani pande zote. Juu kabisa tulisimama watu watazame. Mke wangu alinivuta mkono hadi kwenye ukuta mfupi wa mawe. Chini yetu kulikuwa na shimo, lakini shimo la ukubwa ambao macho yalikataa. Kuta zake zilikuwa milima mizima. Ndani kulikuwa na ziwa la kijani na ziwa la buluu, daraja limepita katikati, na kando ya maji kulikuwa na kijiji cheupe, kidogo, na mnara wa kanisa. Kijiji kinaitwa Miji Saba kwa lugha yao, ingawa miji sikuiona. Nilishika ule ukuta kwa mikono miwili.

"Tunalala kule chini?" nikauliza.

"Kule chini," akasema mke wangu.

Nyuma yetu mama mkwe alikuwa anamwambia mtoto, "Ona nyasi hiyo. Ng'ombe wa hapa hawajui njaa."

Tulikuwa tumekodi vijumba viwili vya mawe vilivyotazamana, chetu na chake, uchochoro katikati. Mwenye nyumba alishangaa kwa nini familia moja inataka mapaa mawili. Chetu kilikuwa na hita moja tu, tena chumbani. Usiku wa kwanza sikulala. Nilikuwa nimeweka kiganja sakafuni nikisikiliza kama mawe yanapata joto. Mke wangu aliniambia sakafu ni baridi kwa sababu ni sakafu, nilale.

Siku ya pili mtoto aliamka analia tumbo. Alilia hadi mchana. Nilikuwa jikoni nikichemsha maji wakati mke wangu aliponiita chumbani. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Mama alitoka kitambo kwenda kuona ng'ombe wakikamuliwa. Nimeona kule kwake mlango uko wazi. Hajarudi."

Nilichungulia dirishani. Asubuhi kuta za kasoko zilikuwa zinaonekana mpaka juu. Sasa hazikuwepo. Wingu lilikuwa limefurika kutoka ukingoni na lilikuwa linateremka kijijini, jeupe, bila sauti. Mnara wa kanisa ulikuwa umebaki nusu. Mvua nyepesi ilikuwa imeshaanza.

"Simu yake?"

"Iko hapo mezani kwake. Nenda wewe. Siwezi kutoka na mtoto kwenye baridi hii."

"Nikimpata nimfanye nini?"

"Utamwambia arudi," akasema, kisha akaanza kulia pamoja na mtoto.

Nikavaa jaketi nikatoka. Yule mama alikuwa na miaka zaidi ya sitini, mwembamba, na alikuwa ametoka na gauni la kitenge na sweta jepesi, kwa sababu jua lilikuwa limemdanganya asubuhi. Lugha ya watu wa pale haijui. Na kando ya njia kuna maji ambayo hakuna aliyeniambia kina chake.

Mwisho wa kijiji nilimkuta mfugaji aliyevaa buti za mpira, anafunga mashine ya kukamua iliyokuwa juu ya kigari malishoni. Alikuwa amewahi kufanya kazi Amerika, Kiingereza alikijua. Alimkumbuka vizuri. Alisema mama yangu alikuwa amemshika ng'ombe kiwele, akakipima kwa kiganja, akatikisa kichwa kwamba ni kizuri, wakacheka wote wawili. Kisha akaondoka kwa njia ya ziwani. Alinionyesha kwa mkono, lakini mkono wake ulielekea kwenye weupe mtupu.

"Mama yako ana nguvu," akaniambia.

Sikuwa na muda wa kumweleza kwamba si mama yangu. Akasema anapeleka maziwa kisha atakuja na taa. Nikaenda peke yangu.

Ukungu wa pale si kama wa kwetu mlimani, unaopita. Ule ulikuja ukakaa. Niliona viatu vyangu, niliona hatua mbili tatu za njia, basi. Kushoto kwangu kulikuwa na ua wa seng'enge na mteremko wa malisho. Kulia nilisikia maji yakigusa mawe taratibu, lakini sikuyaona. Nilijiambia volkano ikiamua kuamka ni leo. Nilijua ni upuzi, na bado niliwaza. Kila baada ya hatua kadhaa nilisimama nikaita.

"Mama!"

Sauti yangu haikwenda mbali. Ilikuwa kama kuita ndani ya blanketi. Nilitulia nikasikiliza, nikasikia maji, nikaendelea. Niliita tena na tena, nikaenda hadi njia ikaishia kwenye miti mikubwa. Hakuna mtu. Hapo ndipo nilipoogopa vingine. Mpaka pale nilikuwa naogopa kwa ajili yangu. Sasa nilimwona mke wangu amesimama mlangoni na mtoto, na mimi narudi mikono mitupu, na anafungua mdomo kuniuliza. Nikageuka nikaanza kukimbia nilikotoka, na sijui namna nilivyokosa kutumbukia majini.

Nilikuwa nimerudi kama nusu ya njia niliposikia mtu akikohoa. Kikohozi kidogo, kilichozuiwa kikaponyoka. Kilitoka chini upande wa maji, karibu sana.

"Mama?"

Nikainama kuelekea kilikotoka.

"Mama, ni mimi."

"Usije," akasema.

Sikuwa nimewahi kusikia neno lake likielekezwa kwangu moja kwa moja. Nilisimama wima kama mtoto aliyekemewa.

"Mama, umeumia?"

"Mguu," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Nguo imebaki kwenye waya. Usije."

Nikaelewa. Niliutazama ule ua nikaona kitenge chake kinaning'inia kwenye seng'enge pamoja na sweta, kimepasuka kutoka juu hadi chini. Alikuwa amejaribu kupita kati ya nyaya, labda akidhani ni njia ya mkato, nguo ikamnasa, akaanguka akabiringika kuvuka njia hadi chini ya ukingo. Na pale chini alikuwa amekaa, bila nguo, kwenye mvua, muda gani sijui. Na mwanamume aliyesimama juu yake alikuwa mkwe wake.

Nilivua jaketi, nikageuza uso, nikamtupia. Nilisikia likianguka majini. Si kwenye nyasi, majini. Ndivyo nilivyojua ziwa lilikuwa karibu naye kiasi gani. Nilikipapasa kile kitenge, lakini kilikuwa kimelowa chepechepe, kingemwongezea baridi tu.

"Mama, wacha nimwite mama mtoto."

"Mtoto atabaki na nani?" akasema. "Wewe nenda tu. Yule wa ng'ombe atakuja. Yeye si mtu wangu."

Mgeni asiyemjua, mzungu wa buti, angeweza kumwona alivyo. Mimi sikuweza. Nilielewa kabisa, na sikumlaumu. Nilibaki nimesimama nikimwongelesha huku nikitazama upande mwingine, nikisubiri taa. Meno yake yalikuwa yanagongana, niliyasikia. Nikamuuliza mguu gani, akaniambia. Nikamuuliza anahisi vidole, akaniambia. Taa haikuja. Nikamuuliza ng'ombe wa yule mtu walikuwa wangapi, na jibu likaja polepole, maneno yameshikana, kama ya mtu aliyelewa. Na meno yalikuwa yameacha kugongana.

Hapo nilitetemeka mimi. Minnesota hata mpishi wa shule anafundishwa jambo hili: mtu wa baridi akiwa bado anatetemeka, ana nafuu. Akiacha kutetemeka na hajapata joto, mwili umeanza kukata tamaa. Nimewahi kumwona mzee mmoja wa kazini aliyetoka nje Januari bila viatu. Alikuwa ametulia namna hiyo hiyo, anatabasamu.

"Mama, nakuja," nikasema. "Nimefumba macho."

Nikapapasa ukingo kwa kiatu.

"Mama. Nimefumba macho, sioni kitu. Niongoze wewe."

"Umefumba kweli?"

"Kweli. Na ninaogopa sana. Usiponiongoza nitaingia majini."

Nilikuwa nimefumba. Na nilikuwa naogopa sana, sikumdanganya. Nikakaa chini, nikaanza kuteremka ule ukingo kwa makalio, nyasi zinateleza, na sauti ya yule mama mbele yangu ndiyo kitu pekee nilichokuwa nacho duniani.

"Kushoto," akasema. "Si huko. Kushoto kwako. Kuna jiwe. Weka mguu. Hapo. Simama, kuna tope." Kisha akanyamaza, na mguu wangu mmoja ukaingia kwenye maji hadi gotini. Maji yalinikata pumzi. Nililia, sioni haya kusema. "Mama, ongea!"

"Mkono," akasema. "Leta mkono."

Nikanyoosha mkono, akaushika. Vidole vyake vilikuwa baridi kama chuma cha lango asubuhi ya Januari. Nilivua sweta langu nikamfunga kiunoni kwa kupapasa, nikavua fulana nikampitishia kichwani, na mikono yangu ilijua kazi, hiyo kazi ndiyo inanilisha. Kisha nikachuchumaa nikamgeuzia mgongo, nikamwekea mikono yake shingoni mwangu, na kwa mazoea nikamwambia maneno ya kazini, kwa Kiingereza, kwamba tutahesabu hadi tatu pamoja. Alihesabu nami. Nikamwinua. Ndipo nilipofumbua macho, tayari natazama mbali, natazama njia.

Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani. Kilichonitisha ni kwamba alikuwa hapumui kwa nguvu, na kichwa chake kilikuwa kinazidi kuwa kizito begani kwangu.

"Usilale, Mama. Niambie kitu."

"Nikuambie nini?"

"Chochote."

Tulikwenda kitambo. Nilisikia buti mahali fulani mbele, na mtu akiita kwa Kireno, na taa ya manjano ikatokea kama kiini cha yai kwenye ule weupe. Ndipo aliposema, sikioni kwangu, taratibu.

"Ulipita mara ya kwanza. Niliona viatu vyako."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. Wakati nilipokuwa nakwenda, nikiita, nilisimama pale juu yake. Nilisimama, nikasikiliza, na yeye alikuwa chini yangu, karibu kiasi cha kuona viatu, akaziba mdomo wake kwa mkono mpaka nikaondoka.

"Mama, mbona hukuniita?"

"Ningekuita nikiwa vile?" akasema. Hakukuwa na hasira katika sauti yake. "Nilisema wacha apite. Hicho kikohozi ndicho kilichonisaliti."

Nilitembea. Mfugaji alikuwa ametufikia, akavua koti lake akamfunika, akatangulia na taa. Sikumbuki kijiji kilivyoonekana. Nakumbuka nilikuwa nalia kwa sauti bila kujizuia, na yule mama juu ya mgongo wangu alikuwa ananiambia, "Nyamaza, baba. Nyamaza. Tumefika."

Mke wangu alimpokea mlangoni. Alimpeleka moja kwa moja kwenye hita, na hita ilikuwa chumbani kwetu, na humo hakuna mahali pa mtu kulala ila kitanda chetu. Nilisikia blanketi zikifunguliwa, nikasikia mke wangu akimsugua mikono. Mfugaji akaenda kumwita daktari wa kijiji. Mimi nikakaa kwenye ngazi ya nje, kifua wazi, suruali imelowa, kwa sababu nilijua niko wapi na yeye yuko wapi, na kuingia sikuweza.

Nilisikia wakiongea kwa lugha ya nyumbani. Binti alisema kitu. Mama akauliza niko wapi. Halafu meno yake yakaanza tena kugongana, niliyasikia kutoka nje, na nilifurahi kuyasikia kuliko nilivyowahi kufurahia wimbo wowote.

"Mkwe," akaniita. "Ingia ndani."

Sikuondoka pale ngazini.

"Ingia. Ukigandia huko nje, binti yangu atabaki na nani?"

Nikainuka, nikaingia. Mke wangu alinitupia taulo, akaniwekea kiti karibu na hita. Mama mkwe aligeuza uso ukutani, nami nikageuza wangu dirishani, tukakaa hivyo chumba kimoja tukipata joto.